Mtama wa Malisho Pemba: Kupanda, Kulisha kwa Kamba na Kuepuka Sumu ya Machipukizi

Ng'ombe wa Pemba hukosa malisho mara mbili kwa mwaka. Mara ya kwanza ni Januari na Februari, kaskazi inapokausha ukoka na majani ya vichakani. Mara ya pili, isiyo kali sana, ni Agosti na Septemba, mchoo, zile mvua ndogo za Julai, ukishapita na vuli haijaingia. Wakati wa masika majani ni ya kumwaga, hakuna haja ya kuyatolea jasho. Kwa hiyo anayetaka kulima majani ya msimu mmoja, yaani mtama wa malisho au uwele, aanzie hesabu mwishoni: ajue ng'ombe wake atakosa lini, kisha arudi nyuma hadi siku ya kutia mbegu.

Hapo ndipo penye mtihani. Mtama hutoa majani mengi kwa haraka na huvumilia jua kuliko mahindi, lakini mtama uliopigwa na ukame ukasinyaa, kisha ukachipua, una sumu inayoweza kumuua ng'ombe kwa muda mfupi sana. Na msimu tunaouhitaji zaidi ndio huo huo msimu wa kusinyaa na kuchipua. Asiyelijua hilo bora asipande mtama kabisa, abaki na mabingobingo yake.

Mtama wa aina gani, na kwa nini uwele uwepo pia

Ukienda kutafuta mbegu utakutana na aina tatu zinazofanana shambani. Kuna mtama wa nafaka, huu wa kawaida wa kusaga unga. Kuna majani ya Sudani, ndugu yake mwembamba mwenye mabua kama ya nyasi, anayechipua vizuri kila akikatwa. Na kuna chotara wa hao wawili, mtama-sudani, mrefu, wa majani mapana, ndio unaouzwa zaidi kama mbegu ya malisho. Kwa sumu, majani ya Sudani yana kidogo, chotara yuko kati, na mtama wa nafaka ndio mbaya zaidi. Ukipewa mbegu na jirani akakwambia "ni mtama tu", uchukulie kuwa ni ule mbaya.

Uwele ni habari nyingine. Hauna kabisa sumu ya machipukizi. Hutoa mzigo mdogo kidogo kuliko chotara kwenye ardhi nzuri, lakini kwenye kichanga hujitahidi kuliko mtama, na unaweza kumfunga ng'ombe juu ya machipukizi yake Februari bila roho juu kwa ajili ya sianidi, ndiyo sumu hiyo ya machipukizi.

Ushauri wangu, na ndio ninaousimamia: usipande kimoja. Gawa shamba. Sehemu ya mtama-sudani iwe ya kuliwa mapema, mvua ingali ipo. Sehemu ya uwele iwe ya kumalizia kiangazi. Wapo watakaokwambia uchanganye mbegu zote mbili katika shamba moja. Usikubali, kwa sababu ukishachanganya huna tena sehemu salama ya kumhamishia mnyama.

Chotara usihifadhi mbegu yake. Kizazi cha pili hutoka mchanganyiko, wengine wafupi, wengine wa nafaka, na hujui tena kiwango cha sumu. Uwele wa kienyeji na majani ya Sudani unaweza kujiwekea mwenyewe.

Ardhi

Wakulima wa visiwani wanaijua ardhi yao kwa majina, na majina hayo yanatosha kupanga kazi hii. Kinongo, udongo wa tifutifu wenye wekundu wa upande wa magharibi, ndio wa mtama. Kichanga mpe uwele. Kinamo cha mabondeni kinashika maji, na mtama haupendi miguu iliyolowa. Kama huna pengine, piga matuta, la sivyo kiachie mpunga na viazi vitamu. Ng'ombe atapata mabua ya mpunga na majani ya viazi, na hiyo si hasara.

Tatizo ni uwanda, ile ardhi ya maweni ya upande wa Micheweni na kwingineko mashariki. Udongo wake ni wa kina kifupi juu ya jiwe. Mvua ikikatika, mmea unasinyaa upesi, ikirudi unachipua. Ni kiwanda cha sumu. Kwenye uwanda panda uwele peke yake.

Chini ya mikarafuu usipande chochote katika hivi. Mimea hii ni ya jua. Kivulini hurefuka bila unene na huanguka ikiguswa, tena kumfunga ng'ombe karibu na mkarafuu mchanga ni kumpa mche wa mwenyewe autafune.

Lini kutia mbegu

Kuna madirisha mawili.

La kwanza ni mkia wa masika, mwanzoni hadi katikati ya Mei. Mvua kubwa imeshapungua nguvu, udongo umeshiba, na mchoo wa Julai ukija unasaidia. Mbegu iliyotiwa wakati huo huliwa kuanzia mwisho wa Juni, ikarudiwa mwisho wa Julai na tena Agosti. Kipupwe cha kwetu si baridi ya kuuzuia mtama, japo utakua polepole kidogo. Ukiitia mbegu Machi na mvua za mwanzo itaota vizuri sana, lakini itakuwa tayari wakati kila ukingo wa njia una majani, na magugu yatakushinda.

La pili ni vuli. Subiri mvua ilowanishe udongo kina cha kiganja kizima, isiwe manyunyu ya siku moja, ndipo utie. Mara nyingi hilo ni kati ya katikati ya Oktoba na mwanzo wa Novemba. Hapa lishe ya kwanza ni katikati ya Desemba, ya pili Januari, ya tatu Februari ikiwa udongo bado una chochote. Kitu kinachowaponza wengi ni msimu wa karafuu kugongana na vuli: kila mwenye mikono yuko juu ya mkarafuu au kwenye jamvi, na kibarua wa kulima hapatikani kwa bei ya kawaida. Katua mapema, udongo ukiwa mkavu, ili mvua ikishuka ubakiwe na kuburuga na kupanda tu.

Usitie shamba zima siku moja. Tia theluthi, baada ya siku kumi theluthi nyingine, kisha ya mwisho. Ng'ombe mmoja au wawili hawawezi kulimaliza shamba kwa wakati mmoja, na mtama haumngoji mtu. Ukifika kifuani na kuanza kutoa masuke, bua limeshakuwa gumu na ng'ombe atachagua majani juu na kukuachia fimbo.

Kulima na kupanda

Ardhi iwe laini na isiyo na ndago. Ndago usipoipunguza kabla, mtama mchanga hautaishinda katika majuma matatu ya mwanzo. Baadaye kivuli chake kinafanya kazi hiyo chenyewe.

Tia samadi iliyooza, si mbichi ya bandani ya jana. Ieneze sawasawa. Mafungu ya samadi yakiachwa mahali pamoja hutoa mabaka ya mtama wa kijani kilichokolea sana, na mabaka hayo yana hatari yake, nitaieleza mbele.

Jaribu mbegu kwanza. Hesabu punje 100, zifunge katika kitambaa kilicholowa, ziweke ndani mahali penye joto. Siku ya tano hesabu zilizoota. Zikiwa 85 na zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiwa 60, ongeza kipimo au irudishe dukani. Mbegu iliyopakwa dawa, ile yenye rangi nyekundu au ya kijani isiyo ya kwake, usiitupie kuku inayobaki.

Vipimo kwa eka moja ni hivi:

- Mtama-sudani: kilo 10 hadi 12 kwa mistari, kilo 14 hadi 16 kwa kumwaga.
- Uwele: kilo 5 hadi 6 kwa mistari, kilo 9 hadi 10 kwa kumwaga.

Mstari hadi mstari ni sentimita 30 hadi 40, yaani chini kidogo ya dhiraa. Punje za mtama ziende chini sentimita 3 hivi, za uwele zisizidi 2, kwa kuwa ni ndogo na hazina nguvu ya kupasua udongo mzito. Ninapendelea mistari. Kumwaga ni rahisi siku ya kwanza, lakini nusu ya mbegu huishia kwa njiwa na kuku wa majirani, na kupalilia hakuwezekani. Ukimwaga, buruta tawi la mwembe juu yake ili mbegu ifunikwe.

Usipande kwa nafasi kubwa ukidhani kila mmea utajinenepesha. Kwa nafaka hiyo ni sahihi. Kwa malisho unataka mabua membamba, na mabua membamba huja kwa mimea kubanana.

Kunde unaweza kuipanda kati ya mistari ya uwele. Huongeza protini kwenye lishe ya kwanza, ingawa haichipui baada ya kuliwa kama nyasi zinavyochipua. Ichukulie kama nyongeza ya mara moja.

Baada ya wiki tatu palilia mara moja. Kagua pia viwavijeshi vamizi, hawa waliogunduliwa Afrika mwaka 2016 na ambao sasa wamo katika mashamba ya mahindi kila upande. Utaona madirisha kwenye majani na kinyesi kama unga wa mbao ndani ya moyo wa mmea. Kwenye malisho sipendi dawa, kwa sababu kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla mnyama hajala, na siku hizo ndizo mtama unapopita umri wake. Wakiwa wachache wapondeponde kwa mkono asubuhi. Wakiwa wengi na mtama umeshafika urefu wa kuliwa, harakisha kulisha. Ukilazimika kupiga dawa, soma karatasi ya chupa na uheshimu siku zilizoandikwa.

Ukiona vijimea vidogo vyenye maua mekundu chini ya mtama, na mtama wenyewe umedumaa japokuwa kuna mvua, hicho ni kiduha. Hushika mizizi na kunyonya. Ng'oa kabla hakijatoa mbegu, na msimu ujao usirudishe mtama, uwele wala mahindi hapo.

Urefu wa kuanza, urefu wa kuacha

Mtama-sudani usiguswe na mdomo wa ng'ombe kabla haujafika sentimita 60 hadi 75. Kwa mkono wako ni dhiraa moja na nusu kutoka ardhini. Kwa majani ya Sudani halisi sentimita 45 hadi 60 inatosha. Uwele anza kwa 50 hadi 60. Kwa huo unachokingoja ni mzigo na mizizi kushika, si sumu kupungua. Kwa hali nzuri urefu huo unapatikana majuma matano hadi sita baada ya kupanda.

Sababu ya urefu huo ni kwamba sianidi hukaa zaidi kwenye majani machanga na machipukizi. Mmea ukikua, kiasi chake kwa kila kilo ya majani kinapungua. Ni sumu ile ile iliyomo kwenye muhogo mchungu, na kama tunavyoutia muhogo jua na maji kabla ya kuula, mtama nao una masharti yake.

Kuacha nako kuna kipimo: shibiri moja, sentimita 15 hadi 20. Chini ya hapo unakula vifundo vinavyotoa machipukizi, na lishe ijayo itachelewa au isije. Sehemu ya chini ya bua ndiyo pia inayolimbikiza naitreti, sumu ya pili nitakayoieleza mbele. Kwa hiyo shibiri inakulinda kwa mawili.

Baada ya kuliwa, mtama unahitaji majuma matatu hadi manne kurudi. Usimrudishe ng'ombe kwa kuhesabu siku; pima urefu.

Kulisha kwa kamba

Wafugaji wa nchi zenye mashamba makubwa hununua uzio wa umeme ili wampimie ng'ombe ukanda mmoja wa majani kwa siku. Sisi tunayo kamba na kigingi, na vikitumiwa kwa hesabu hufanya kazi hiyo hiyo. Kosa ni kupiga kigingi katikati ya mtama. Ng'ombe atazunguka, kamba italaza mabua yote, atakula robo na kulalia robo tatu.

Piga kigingi kwenye ukingo, katika ardhi iliyo tupu au iliyokwishaliwa. Kamba ilale nyuma ya mnyama, na mtama uwe mbele yake. Atakula nusu duara, kutoka nje kwenda ndani.

Sasa hesabu. Ng'ombe wa kienyeji wa kilo 300 hivi anahitaji kiasi cha kilo 8 za majani kwa siku, ukiyapima bila maji yake. Mtama wa dhiraa moja na nusu uliostawi vizuri, ukitoa shibiri ya chini na unaokanyagwa, unampa kilo hizo katika mita za mraba 70 hadi 80. Kamba ya mita 6, ukiongeza shingo na ulimi wake mita moja hivi, inafika mita 7, na nusu duara ya mita 7 ni mita za mraba 77. Ndiyo chakula chake cha siku.

Lakini usimpe yote pamoja. Mfunge kwanza kwa kamba ya mita 4. Anafika mita 5, sawa na mita za mraba 39. Alasiri mwongezee mita 2 za kamba, kigingi kikiwa pale pale: amepata mita za mraba 38 nyingine, mbichi, zisizokanyagwa. Nusu kwa nusu karibu sawasawa, bila kung'oa kigingi. Ili hili liwe jepesi, tia fundo au kitanzi kwenye kamba pale mita 4 inapoishia.

Kesho sogeza kigingi mita 14 kando kando ya ukingo ule ule. Katikati ya nusu duara mbili patabaki pembe ya mtama ambao haukufikiwa. Ikate kwa mundu, mpelekee ndama au aliyefungwa bandani. Ukiiacha itarefuka na kukomaa, na mzunguko ujao ng'ombe ataikwepa.

Kwa mzunguko wa siku 28, mita 77 kila siku ni zaidi kidogo ya mita za mraba 2,100. Eka ina 4,047. Kwa hiyo ng'ombe mmoja anatosheka na nusu eka na kidogo, kama mvua ipo. Kaskazi ikikaza, mtama hautarudi kwa siku 28 na hesabu inavunjika. Hapo ndipo uwele, mabua ya mpunga na mabingobingo yaliyowekwa akiba yanapoingia.

Anayefuga ng'ombe wa maziwa wa bandani, chotara wa Friesian au Jersey, akate kwa mundu na kupeleka. Masharti ya urefu ni yale yale. Majani yaliyokatwa yasirundikwe yakapata moto usiku kucha, maana rundo linalochemka hubadilisha naitreti kuwa mbaya zaidi. Kata cha siku hiyo.

Siku ya kwanza usimpeleke ng'ombe mwenye njaa. Mshibishe majani makavu au mabua ya mpunga asubuhi, ndipo alasiri mfunge kwenye mtama kwa saa moja. Siku ya pili saa mbili. Baada ya juma tumbo lake limeshazoea. Kinyesi kitalainika, kwa sababu majani haya yana maji mengi. Mabua makavu kidogo kila siku yanarekebisha. Maji ya kunywa yawepo karibu, na saa sita mchana mwondoe juani.

Chumvi ni lazima. Mtama una sodiamu kidogo sana. Aidha mwili wa ng'ombe hutumia salfa kuivunja sianidi, hivyo jiwe la chumvi lenye salfa kutoka duka la pembejeo lina kazi mbili. Chumvi yetu ya bahari ni nzuri kwa sodiamu, lakini kwa salfa haitoshi.

Sumu mbili, usizichanganye

Ya kwanza ni sianidi, na ni ya mtama peke yake kati ya hivi viwili. Nchi za baridi huiogopa baada ya jalidi kuunguza mmea. Huku kwetu kinachoileta ni ukame, na hasa mvua ndogo baada ya ukame. Picha ya hatari ni hii: mtama umesinyaa majuma mawili mwezi wa Januari, ikapiga mvua moja, na baada ya siku nne shamba limejaa machipukizi mapya ya kijani, laini, yanayopendeza. Ng'ombe atayaacha majani ya zamani na kuyafuata hayo. Shamba hilo lifungiwe kabisa hadi machipukizi yapite sentimita 60. Mtama unaosinyaa mchana, hata kama haujachipua, nao usiliwe mpaka urudi kuwa na afya.

Hali kadhalika machipukizi ya mtama wa nafaka uliovunwa. Kumfunga ng'ombe kwenye visiki vya mtama kwa sababu "umeshavunwa" ni jambo linaloonekana halina neno, na ndilo lenye neno. Na siku anayokula mtama usimwongezee majani mabichi ya muhogo wala maganda yake mabichi. Sumu ni moja, zinajumlishana.

Ya pili ni naitreti, na hii uwele nao unayo. Hutokana na mmea kunyonya mbolea nyingi kuliko unavyoweza kuitumia, kwa sababu ya ukame au mawingu ya siku nyingi. Mabaka yale ya samadi niliyoyataja ndiyo mahali pake. Usitie urea shamba likiwa kavu. Baada ya kila lishe, mvua ikiwepo, kilo 25 za urea kwa eka zinatosha kwa mfugaji wa kawaida. Mwenye mvua ya uhakika na ng'ombe wa maziwa anaweza kwenda hadi 40. Mvua ikivunja ukame ngoja siku saba hadi kumi kabla ya kulisha uwele, na shibiri ya chini usiiguse. Mfuko wa urea wenyewe uwekwe mbali na mnyama. Ng'ombe huulamba kwa uchumvi wake na hufa.

Dalili zinatofautiana kwa rangi. Mwenye sianidi hupumua kwa haraka, hutoa mate, huyumba, huanguka, na damu yake ni nyekundu ya kung'aa. Mwenye naitreti ufizi wake ni wa kijivu au bluu, na damu ni ya rangi ya kahawa iliyokolea. Kwa vyote viwili, mwondoe aliyebaki shambani polepole bila kumkimbiza, na mpigie bwana mifugo wakati huo huo, usingoje kuona kama atatengemaa. Dawa zipo, sodiamu thayosalfeti kwa sianidi na methilini bluu kwa naitreti, lakini ni za kuchomwa kwenye mshipa na mwenye ujuzi. Mwambie ng'ombe alikuwa anakula nini, maana hilo ndilo litakalomwelekeza ni dawa gani.

Ng'ombe akianguka, mtu wa kwanza kufika huwa anaulizia kisu ili asife nyamafu. Linaeleweka. Ila nyama isigawiwe hata kilo moja mpaka bwana mifugo ameikagua na kusema.

Mbuzi na kondoo nao wamo hatarini. Punda ni mbaya zaidi kwa namna yake: mtama na majani ya Sudani humletea ugonjwa wa kibofu na kulegea miguu ya nyuma, na hauponi kirahisi, hata kama majani ni marefu na hayana dosari kwa ng'ombe. Mwenye punda wa gari ampe uwele au ukoka. Kwake mtama haupo.

Kuuhifadhi unaozidi

Desemba nzuri huacha mtama mwingi kuliko midomo. Kuukausha ni kazi ngumu visiwani, kwa sababu bua ni nene na hewa yetu ina unyevu. Nje unaonekana umekauka, ndani unaota ukungu. Ukifanikiwa kuukausha vizuri, kwa kuliponda bua kwanza, sianidi nyingi huondoka. Naitreti haiondoki.

Saileji, yaani majani mabichi yaliyochachushwa bila hewa, ndiyo njia inayofaa zaidi. Kata mtama punje zikiwa za ujiuji mzito, uache unyauke saa chache, ukatekate vipande vya sentimita 2 hadi 3. Shindilia ndani ya pipa la plastiki lenye mfuniko, tabaka kwa tabaka, ukikanyaga kila tabaka mpaka usizame. Molasisi ikipatikana, ichanganye na maji na unyunyizie. Funika kusibaki hewa, weka mzigo juu. Fungua baada ya majuma sita. Harufu iwe ya ukwaju au siki. Ikinuka kuoza, au ina ukungu, tupa sehemu hiyo. Kuchachuka huko hupunguza sumu zote mbili, ingawa mtama uliovunwa katika ukame mkali, wenye mbolea nyingi, bado mpe mnyama kidogo kidogo ukichanganya na mabua ya mpunga.

Mtama-sudani ukishaliwa mara tatu visiki vyake huchoka. Ving'oe Februari, vichome au vilaze shambani vioze, na masika yakishuka panda kunde, choroko au fiwi hapo. Kama una swali la mbegu, Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Zanzibar na bwana mifugo wa wilaya ndio wa kuulizwa kabla ya Septemba. Ukienda Oktoba mvua ikiwa imeshaanza, utanunua kilichobaki.